Vikombe Ishirini

"Hodi humu ndani!"

Elieshi alizuia gurudumu la cherehani kwa kiganja. Mlangoni alisimama msichana asiyemfahamu, amejitanda mtandio wa zambarau, mkononi ana ndoo mpya yenye mfuniko.

"Karibu. Unataka kushonewa nini?"

"Sishoni leo, dada. Samahani nimekuja bila taarifa. Naitwa Shani. Nimetumwa kuchukua samaki."

"Samaki?"

"Wa Muzamil. Kaniambia Maisaka, mlango wa buluu, kuna fundi anamtunzia."

Moyo wa Elieshi ulidunda kwa furaha. Miezi tisa alikuwa akiingoja siku hii. Muzamil alipokwenda kufanya kazi Singida, alimwachia tanki la kioo lenye samaki saba, wadogo kuliko kidole cha mwisho, kila mmoja na mstari wa buluu ubavuni. Walikuwa waoga ajabu. Mlango ukigongwa wanakimbilia nyuma ya kigae cha chungu, hawatoki mpaka chumba kitulie. Kwa ajili yao Elieshi alikunja blanketi akaliweka chini ya miguu ya cherehani, ili meza yao isitetemeke.

Kabla ya kuondoka, Muzamil alimwambia mambo mawili.

"Siku nikija kuwachukua, nakuchukua na wewe."

Halafu akamshika mikono.

"Lakini usikubali mtu awamwage kwenye maji mapya. Watakufa kwa mshtuko. Unamimina kikombe kimoja cha maji mapya, unasubiri dakika tatu. Hivyo hivyo mpaka ishirini. Niahidi."

Elieshi aliahidi huku anacheka.

"Wewe ni mdogo wake?" alimuuliza sasa mgeni, tayari anamvutia kiti. "Karibu ukae. Mama hajambo? Amekubali?"

Shani alicheka mpaka akaegemea fremu ya mlango.

"Mdogo wake! Dada, mimi ndiye mchumba. Ndoa Ijumaa. Mama yake ndiye aliyenichagua, atakataa nini tena?"

Kiti kilibaki mkononi mwa Elieshi.

"Yeye... si yuko Singida?"

"Singida wapi? Amerudi tangu Jumanne. Yuko Nangara anapaka rangi chumba chetu. Mpaka nywele zina rangi, ukimwona utamcheka."

Elieshi aliichukua simu yake mezani. Ujumbe wa jana jioni ulikuwa juu kabisa: "Singida leo baridi kali mpenzi. Mama anaanza kulainika. Nisalimie hao saba."

Aliusoma mara mbili, akaizima simu.

"Mbona umenyamaza, dada? Au umewazoea, hutaki kuwaachia?"

Angeweza kusema. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini Shani alikuwa ameshainama mbele ya kioo, anawatafuta wale samaki kwa hamu ya mtu anayetaka kupendwa na kila kitu cha mumewe.

"Wako wapi? Mimi naona mawe tu."

"Ukisimama karibu hivyo hawatoki."

"Makubwa! Hata bi harusi wanamkimbia?"

"Wanamkimbia kila mtu."

"Basi niwatie kwenye ndoo, nikifika nawamwaga kule. Si ndiyo?"

"Hapana!" Sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. "Ukiwamwaga watakufa. Nitakuja mwenyewe."

"Mpaka Nangara? Una roho nzuri, dada yangu."

Ndani ya bajaji Elieshi aliipakata ndoo, ameifunika kwa kitenge ili mwanga usiwatishe. Shani aliongea njia nzima: mapazia, pilau, shangazi yake anayegombana na kila mtu. Elieshi aliitikia "eeh" na "hongera", macho yake yakiwa kwenye ndoo.

Chumba kilinuka rangi. Kitanda kipya kilikuwa bado na nailoni yake. Juu ya meza kulikuwa na tanki kubwa mara mbili ya lile la kwake, maji yametulia humo tangu Alhamisi. Muzamil, alisema Shani, amekwenda Sigino kutafuta viti, atarudi jioni.

Elieshi alikitoa kigae cha chungu kwenye mkoba, akakilaza ndani ya tanki. Akakaa sakafuni karibu na kitanda kile. Alichota kikombe cha kwanza cha maji mapya, akakimimina taratibu ndani ya ndoo.

"Nisaidie kuhesabu. Mpaka ishirini."

"Si tutakesha!"

"Saa moja tu."

Walikuwa kwenye kikombe cha kumi na tano mlango uliposukumwa kwa kishindo.

"Shani! Viti vimepati..."

Muzamil aliganda mlangoni. Rangi nyeupe ilikuwa nyweleni kweli.

"Eli," alisema.

Shani alimtazama yeye, kisha Elieshi.

"Eli? Fundi wako ndiyo unamwita hivyo?"

Akamgeukia Elieshi.

"Dada, niambie ukweli. Huyu ni nani wako?"

Elieshi alimimina cha kumi na sita. Kisha akaifungua simu, akampa.

Shani alisoma.

"Singida baridi kali? Muzamil! Jana jioni si ulikuwa kwetu unakula ubwabwa?"

"Punguza sauti, shangazi yako yuko uani, atasikia."

"Asikie! Na majirani wasikie!"

"Mkagombane nje," Elieshi alisema. "Wanaogopa."

Shani aliitupa simu kitandani, akatoka. Muzamil akamfuata.

Ukuta ulikuwa mwembamba. Elieshi alisikia kilio cha Shani. Alimsikia shangazi akisema kadi zimeshagawiwa, mbuzi wamefungwa uani, hakuna kuaibishana. Halafu ikaja sauti ya Muzamil, ile ile iliyomtakia usiku mwema kwa miezi tisa.

"Wallahi, shangazi, hakuna kitu. Ni fundi cherehani tu. Alikuwa ananitunzia samaki."

Elieshi alingoja aongeze neno. Hakuongeza.

"Basi yaishe," alisema shangazi. "Shani, futa machozi. Ijumaa iko palepale."

Shani hakukataa.

Elieshi aliitazama ndoo. Angeweza kuimwaga yote mara moja akaenda zake. Kesho wangewakuta saba wanaelea, wangesema bahati mbaya. Miguu ilimsihi aondoke kabla hawajarudi kumkuta analia chumbani kwao.

Alichota cha kumi na saba. Akasubiri dakika tatu.

Cha kumi na nane. Huko nje shangazi aliagiza chai iletwe.

Cha kumi na tisa. Muzamil alirudi, akasimama mlangoni.

"Eli, nisamehe. Toka tuongee kidogo. Hao wamwage tu, kilichobaki ni kidogo, hawafi."

"Uliniapisha ishirini."

"Yale yalikuwa maneno tu."

"Kwako."

Alichota cha ishirini. Aligeuza uso pembeni, machozi yasidondokee kwenye ndoo, akamimina polepole mpaka tone la mwisho. Akasubiri dakika tatu. Kisha akaizamisha ndoo ndani ya tanki, akailaza. Saba wakatoka, mmoja mmoja, wakaenda kujificha nyuma ya kigae.

Akakitandaza kitenge chake juu ya kioo.

"Msiwashe taa mpaka kesho," alisema, akaiokota simu yake kitandani na kupita mlangoni bila kumgusa.