Kaka Alikata Meza ya Maji

"Na hii, waheshimiwa, ndiyo furaha ya kumaliza mbio zetu!"

Kaka yangu akabonyeza. Picha ikajaa kwenye skrini ya ukutani.

Jamani... nikashusha kamera nitazame vizuri!

Aliyekuwa pichani ni mdogo wetu, kitinda mimba wa mama yetu. Amepiga magoti, mikono juu, mdomo wazi. Nyuma yake bango kubwa la mwisho wa mbio.

Watu wa kampuni wakapiga makofi.

Makofi! Kwa msichana ambaye asubuhi hiyohiyo nilimwacha wodini na dripu mkononi!

Mdogo wangu hakuwa anafurahi. Alikuwa anaomba maji. Najua, kwa sababu picha ile niliipiga mimi.

Ngoja niwaeleze mnielewe.

Kaka ni mwandaaji wa mbio, mimi ni mpiga picha wake. Mbio zikiisha namkabidhi picha zote, anachagua zile kali, anazunguka nazo kwenye makampuni kutafuta wadhamini. "Picha ndiyo inayofungua mlango," ndio wimbo wake.

Jumapili ile nilikuwa nyuma ya pikipiki, napiga picha njiani. Nikafika meza ya maji ya mbali, juu kabisa ya kilima. Nikakuta ndoo zimepinduliwa na vikombe vimetapakaa. Maji hakuna hata tone.

Msichana mmoja akapiga magoti mbele ya mhudumu, akainua mikono. Kidole changu kikabonyeza kwa mazoea...

Ni mdogo wangu!

Nikaiachia kamera ining'inie shingoni, nikakimbia. Akaniangukia mikononi, macho yamegeuka.

Mnajua maji yalikuwa wapi? Kwenye pikapu.

Na pikapu ilikuwa wapi? Imesimama mwisho wa mbio, mafundi wamepanda juu yake wanafunga mabango! Eti picha za wadhamini zitoke vizuri!

Kaka aliyajua yote haya. Alikuja hospitali, akalia mbele ya mama mpaka kamasi zikamtoka. Kumbe usiku akakaa kwenye kompyuta, akakata meza, akakata ndoo, akabandika bango nyuma ya mtoto wa mama yake!

Sasa yuko mbele ya mdhamini, anaomba mbio kubwa zaidi mwezi ujao. Na mimi nimeitwa kupiga picha wakisaini.

Nikamsogelea, nikamnong'oneza.

"Kaka, umefanya nini?"

"Nimeipunguza kidogo tu. Nyamaza, piga picha."

"Mwenzako figo bado zinaangaliwa!"

"Atapona. Mdhamini akiondoka harudi."

Hapo damu ikachemka. Nilitamani nimpige lenzi ya utosi!

"Hiyo picha ni ya uongo!" nikasema, chumba kizima kikasikia.

Kaka akacheka, kicheko cha kuombea radhi.

"Mumsamehe dada yangu. Ana mgonjwa, hajalala vizuri."

ANA MGONJWA! Kana kwamba mgonjwa ni wa jirani!

Sikubishana. Nikatoa kompyuta yangu begini, nikachomoa waya kwenye yake, nikauchomeka kwenye yangu. Ikatokea picha kamili, kama ilivyotoka kwenye kamera. "Huyu ni mdogo wetu, sasa hivi yuko wodini!" nikawaambia.

Makofi yakageuka miguno. Meza tupu. Ndoo chali. Mdogo wangu magotini. Na pembeni kabisa, mama mmoja wa makamo, kofia imemfunika uso, namba ya mbio kifuani, simu sikioni.

"Hebu kuza hapo pembeni," ikasema sauti ya mkurugenzi wa kampuni. Mama mtu mzima, aliyekaa mwisho wa meza.

Nikakuza.

"Huyo ni mimi."

Kaka akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Nilijiandikisha kimyakimya," mkurugenzi akasema. "Siweki jina la kampuni kwenye mbio ambazo sijazikimbia. Namba yako ya simu imeandikwa kwenye karatasi za kifuani, ya dharura. Nikakupigia."

"Mama, mimi... sikujua kama ni wewe..."

"Nilikwambia kuna binti anazimia, tuletee maji. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Jasho linamtiririka kaka, na kiyoyozi kinavuma.

"Basi nikukumbushe. Ulisema, 'Mama, usinisumbue, huku nasubiri wadhamini!' Ukanikatia."

Jamani... mnaelewa? Alimfukuza mdhamini kwenye simu ili amsubiri mdhamini!

Yule mama akafunga faili lake.

"Kila mwandaaji anaweza kuishiwa maji. Ungekuja hapa ukasema tuliteleza, ningesaini leo. Wewe umekuja na mateso ya dada yako mwenyewe, ukayaita furaha."

Akanigeukia.

"Binti, amelazwa hospitali gani?"

Nikamwambia. Akachukua mkoba wake akatoka, na wenzake wote wakamfuata. Kaka akabaki na skrini yake.

Tangu siku ile hasemi nami. Anawaambia ndugu nimemwaga unga wake kwa wivu. Wivu wa nini? Wa kukata picha?

Nyie waandaaji wa mbio, nisikilizeni. Fungeni mabango, pambeni utepe, iteni wapiga picha hata kumi. Kazi hiyo ndiyo inayonilisha, siwezi kuitukana. Lakini gari la maji liondoke kwanza! Mkimbiaji akianguka, hakuna bango litakalomwinua. Na ukikosea, sema umekosea kabla hujasemewa, maana huwezi kujua nani alikuwepo.

Jana mama alinipigia analia.

"Umemvua nguo kaka yako mbele ya watu. Damu nzito kuliko maji, mwanangu."

"Mama," nikamjibu, "Jumapili ile mwanao hakuomba damu."