Vikombe vya Sadaka

"Umewatilia nini watoto wetu?"

"Uji! Uji wa futari, wa kila siku!"

"Muongo! Wanne wako hospitali, povu linawatoka!"

Uani kwa Asia, Mikindani, Ramadhani ya 2002, watu walijaa. Yeye ndiye mpishi wa futari ya mtaa. Nyuma mmoja alishataja tairi la kumchomea.

"Mimi nimeunywa, kikombe cha bati kizima!" mumewe Jafari akafoka. "Nimekufa?"

Wakapoa. "Kesho tunarudi," wakasema.

Asia akajifungia na vyombo vyake. Wagonjwa wote walinywea vikombe vipya vya bluu, sadaka ya fundi Nassoro. Akajaribu kuvipachika ndani ya vya zamani, vya fundi huyohuyo: vilizama, vidogo, vitako vimebonyea. Akamimina maji ya moto. Harufu ikampiga: dawa ya kupulizia mikorosho. Jioni tangawizi ya uji ilikuwa imeificha.

Asubuhi alikuwa Chikongola, kwenye karakana ya Nassoro.

"Fundi, kalibu ya kumiminia vikombe ni ileile?"

"Ileile, dada."

"Mbona hivi vidogo?"

"Plastiki ikipoa inasinyaa. Ikiwa ya kuchanganya, inasinyaa hovyo."

"Umeyeyusha madumu ya sumu, Nassoro!"

Fundi akakaa chini puu. "Wallahi sikujua! Plastiki ililetwa chengachenga, imeshakatwa. Nikaambiwa ni ndoo mbovu."

"Nani kakuletea?"

Nassoro akaanza kuzoa chenga sakafuni. Asia akakumbuka kile kikombe cha bati. Kati ya watu wote, mmoja tu alikataa kikombe kipya.

"Jafari?"

Fundi akainamisha kichwa.

Aliporudi nyumbani, Jafari alikuwa bado kwenye jamvi.

"Madumu ya dawa kule shamba unakofanyia kazi, uliambiwa uyatoboe, uyafukie," Asia akamwambia.

"Nani kasema..."

"Mbona ulinywea bati?"

"Niliyauza tupate nguo za Idi. Vikombe vilipokuja nikaijua ile rangi. Ningesema nini, Asia? Wangenichoma!"

"Ukaona bora wanichome mimi."

"Si nilikutetea?"

"Kwa bati lako! Watoto ukawaangalia wakinywa."

Nje vishindo vikasogea. Sauti ya Mwanahawa, mama wa mmoja wa wale watoto wagonjwa, ikapasuka: "Asia, toka! Mwanangu hafumbui macho! Daktari anauliza sumu gani!"

Jafari akamshika kanga. "Usiseme. Mimi mumeo."

Asia akaichomoa kanga, akachukua kikombe kimoja cha bluu, akampa mgongo, akatoka kuwafuata wenye tairi.