Waithira Hamezi

Soko la Karatina lilikuwa limefurika. Waithira, amevaa sketi ya marinda na sweta ya manjano, alikuwa ameinama juu ya debe la asali, akilamba ncha ya kidole. Nyuma yake kijana mrefu mwenye kaunda suti akacheka.

"Dada, ukiendelea hivyo huyu mama atafunga biashara."

"Hii asali imetiwa sukari," Waithira akasema.

Muuzaji alifungua mdomo apige kelele, kisha akaufunga. Ilikuwa kweli.

"Ati umejua kwa kuramba mara moja? Hiyo ulimi ulitoa wapi?" kijana akauliza.

"Kiwanda ya chai. Nilionja chai miaka nne. Sasa niko stoo ya hoteli ya Bwana Bipin, pale Nyeri."

Kijana aliitwa Kahiga. Walikula mahindi ya kuchoma, wakacheka mpaka Waithira akajisahau. Kisha Kahiga akamwambia kazi yake: kutengeneza mvinyo katika shamba moja la mizabibu karibu na Kiganjo. Kicheko kikamkauka Waithira mdomoni.

Baba yake aliuawa na pombe. Alianza na glasi moja ya harusini, akamalizia mtaroni, asubuhi moja ya baridi ya Julai. Watu walisema Waithira amerithi ulimi wa baba yake. Yeye aliogopa kwamba amerithi na kiu. Hakuwahi kumeza hata tone, na hakumwambia mtu sababu.

Hata hivyo alipenda. Utafanyaje, moyo hauombi ruhusa.

"Haloo, hoteli? Naomba kuongea na ulimi yangu."

"Kahiga, wacha! Bwana Bipin anasikia."

"Asikie! Mwambie nampenda karani wake."

Mwaka huo wa 1983 mvinyo wa ng'ambo ulikuwa haba, hoteli ikatafuta wa nchini. Bipin akamwita Waithira ofisini.

"Enda shamba ile ya Naro Moru, halafu ile ya Kiganjo. Onja waini nyeupe ya themanini, themanini na moja, themanini na mbili. Leta ukweli tu."

Waithira alitaka kukataa, akakosa ujasiri. Kule Naro Moru alifanya kama walivyofanya kiwandani: anavuta kidogo kwa kelele, anazungusha kinywani, anatema ndooni. Wa themanini ulikuwa umechachuka. Uliofuata ulinuka pipa, na wa mwisho ulikuwa mwepesi kama chai ya majani yaliyochemshwa mara ya pili. Kila mara alisukutua kwa maji.

Kule Kiganjo, Kahiga alikuwa amefunga tai na kutandika kitambaa cheupe. Tajiri wake na wafanyakazi walisimama kutazama. Wa themanini ulikuwa mkali kama limau, wa themanini na moja umetulia. Kisha Waithira akavuta ule wa themanini na mbili, na kinywa chote kikajaa harufu ya maua. Ulikuwa mtamu hivi kwamba koo lilifunguka lenyewe, likitaka.

Hofu ikampanda mpaka utosini. Aliutema kwa nguvu, akakimbilia nje, akawa anasugua ulimi kwa leso. Ndani, watu waliguna.

Kahiga akamfuata.

"Umetema jasho yangu ya miaka tatu mbele ya tajiri. Si ungesema tu ni mbaya?"

"Si mbaya."

"Basi kwa nini unafuta mdomo kama umekula sumu?"

Waithira alikunja leso. Aliona aibu kumtaja baba yake. Akaingia gari la hoteli, akaondoka.

Wiki tatu simu haikulia. Kisha siku moja Kahiga akatokea mlangoni mwa stoo, ameshika karatasi.

"Bwana Bipin amenionyesha ripoti yako. Umeandika ya kwangu ndiyo inashinda zote."

"Inashinda. Kutema ni kazi, Kahiga, nilitema zote. Lakini hiyo yako... koo yangu iliitaka. Niliogopa."

Akamweleza habari za baba yake, akilia. Kahiga akaketi juu ya gunia la sukari.

"Kumbe kazi yangu ndiyo inakutisha."

"Nakupenda na naogopa. Yote mbili."

"Nitakuoa na hiyo uoga yako, mrembo wangu."

"Na pembe je?"

Kahiga akashika kichwa. Siku ya ruracio, siku ya mahari, msichana huonja na kumeza pombe katika pembe ya ng'ombe kisha humpa baba yake, na wazee wa pande zote wakinywa, ndoa imekubaliwa. Asipoonja, amemkataa mchumba. Kahiga aliwasihi wazee wa kwao pembe ijazwe chai. Walikataa katakata.

Desemba ikafika, na siku ya ruracio nayo. Gicheru, ndugu wa marehemu baba yake Waithira, alikaa mahali pa baba. Waithira alishika pembe kwa mikono miwili. Aliiinua. Harufu ilipomfikia, koo likafunguka tena. Akaishusha.

"Kunyweni," alisema, sauti ikikatika. "Kahiga nimemkubali. Lakini mimi sitaweza kumeza. Naogopa."

Wazee wakatazamana.

"Bila kuonja hakuna ndoa," akasema baba ya Kahiga.

Kahiga alisimama, uso umemparara. Gicheru akamwashiria akae. Yeye ndiye aliyembeba ndugu yake kutoka mtaroni asubuhi ile. Aliinuka polepole, akaitoa pembe mikononi mwa msichana.

"Baba ya huyu mtoto alikunywa yake, akakunywa na ya mtoto," alisema. "Mnataka anywe gani tena?"

Akanywa funda moja, akampa baba ya Kahiga. Mzee aliishika pembe muda mrefu, akimtazama Waithira. Kisha akanywa.