Vumbi la Chumba cha Mbele

Kila alipotoka shule, Dada alivua sare, akaitundika nyuma ya mlango, akala kilichobaki cha mchana, kisha akaingia chumba cha mbele kumsaidia baba yake. Jina hilo la Dada alipewa na mdogo wake wa miaka mitatu, na nyumba nzima ikalichukua. Huyo mdogo naye walimwita Bosi, kwa kuwa tangu ajue kusema hakuwahi kuomba kitu. Aliagiza tu.

Baba alikuwa fundi rangi wa magari. Zamani alifanya kazi uani, mpaka siku upepo ulipochukua rangi nyekundu na kuinyunyizia mashuka meupe ya mpangaji wa jirani, yaliyokuwa yameanikwa kwenye kamba. Mwenye nyumba aliitwa. Hakupiga kelele; aliyatazama mashuka, akasema kwamba siku atakayosikia tena habari ya rangi katika nyumba yake, familia ile ifungashe virago. Basi Baba akabaki na kazi za bampa za plastiki, ambazo aliweza kuziingiza ndani zikiwa zimefunikwa blanketi. Mama hakupenda, lakini hakukuwa na riziki nyingine. Watoto walionywa wasimwambie mtu yeyote.

Siku moja ililetwa bampa ya mbele iliyopasuka pembeni. Baba aliunga ufa, akaujaza puti, ile dawa nzito ya kuzibia inayokauka ikawa ngumu. Dada aliiosha bampa kwa brashi na sabuni ya unga, kisha akaimwagia maji na kuinama kuyatazama. Maji yakijikusanya vitone, bado kuna mafuta. Yakitandaa vizuri, plastiki imetakata. Kazi hiyo aliipenda, na alikuwa na mkono hasa. Alifumba macho, akapitisha kiganja taratibu, akagundua kituta ambacho macho ya Baba hayakukiona. Baba akamtania kwamba akiendelea hivyo, karibuni atamfukuza yeye kazini.

Plastiki tupu waliipiga msasa kwa maji, na haikutoa vumbi. Taabu ilikuwa puti. Ikinyonya maji, baadaye huinua rangi na kufanya malengelenge, kwa hiyo waliipiga msasa ikiwa kavu, na unga wake mweupe ukajaa chumba mpaka nyusi za Dada zikawa kama za bibi kizee. Lakini Baba alimjua adui mmoja tu, vumbi la nje. Chembe moja ikitua kwenye rangi mbichi, kazi yote bure. Alifunga dirisha, akaziba chini ya mlango kwa tambara bichi, na yeye na Dada wakajifunga vitambaa puani. Bosi alikuwa nyuma ya pazia lililokigawa chumba hicho, kwenye kitanda chake, akicheza na kifuniko cha kopo.

Kikohozi chake kilianza kama mafua. Kilipokataa kuondoka, Mama alimfunga mgongoni, akamchukua Dada abebe mkoba, wakaenda zahanati. Njiani Mama alisema, bila kugeuka, kwamba mambo ya kazi ya Baba yabaki nyumbani.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, asiye na haraka. Alisikiliza kifua cha Bosi mbele na nyuma. Akauliza kama wanapikia ndani, kama kuna mtu anayevuta sigara, kama kuna moshi, dawa au vumbi lolote mtoto analovuta. Mama alijibu kwamba hakuna. Dada aliangalia viatu vyake. Alijua kwamba jibu si kweli, na alijua pia kwamba kweli ingewatoa kwenye nyumba, hivyo akanyamaza. Daktari akaandika dawa ya maji. Kwa kuwa nyumba ilikuwa karibu na barabara, akashauri mtoto asitoke nje kwa siku kadhaa na madirisha yafungwe.

Ulikuwa ushauri mzuri kwa mtoto wa nyumba nyingine.

Baba alipousikia, hata alifurahi.

“Mnaona?” alisema. “Hata daktari anataka dirisha lifungwe.”

Bosi, ambaye awali alishinda uani akiwaamrisha kuku wa watu, sasa alishinda nyuma ya pazia. Baba akaendelea. Aliifuta bampa kwa thina ya kuondoa mafuta, akapuliza rangi ya kwanza inayoshika plastiki, akaipiga msasa kidogo, akalipangusa vumbi kwa kitambaa. Siku ya rangi yenyewe alifikiria kumpeleka mtoto kwa jirani, halafu akaacha. Jirani angeuliza kwa nini. Akachanganya rangi na dawa ya kuikausha, akapuliza.

Dada aliporudi kutoka shule siku hiyo, harufu ilimpiga kooni mlangoni. Baba alikuwa ametoka kwenda kumwita mwenye gari, na bampa ilikuwa inang'aa vizuri sana. Nyuma ya pazia, Bosi alikuwa ameketi wima, mikono ameikaza kitandani, mabega yakipanda na kushuka kwa kila pumzi. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi.

“Dada,” alisema, akakatiza kuvuta pumzi. “Naomba... maji.”

Neno hilo la kuomba ndilo lililomtisha Dada. Alimwita Mama, aliyekuwa akifua uani, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua.

Zahanati walipitishwa mbele ya foleni. Daktari alikuwa yule yule. Alimweka Bosi kwenye mashine ya mvuke, akasikiliza kifua, akakunja uso, maana dawa ya mwanzo haikusaidia na hakujua kwa nini. Akauliza tena maswali yale yale, safari hii haraka haraka.

“Hakuna, daktari,” alisema Mama huku akilia. “Amekaa ndani kama ulivyosema.”

Daktari alishika kalamu. Dada alimtazama mdogo wake ndani ya barakoa ya ile mashine, kubwa kuliko uso wake. Alimwogopa mwenye nyumba, akamwogopa Mama, akaogopa kulala nje. Lakini Bosi alikuwa anakwisha pale pale mbele yao.

“Daktari, kuna kitu,” alisema. “Tunapiga rangi bampa za magari, ndani, chumba tunacholala. Puti tunaipiga msasa kavu. Na leo Baba amepuliza rangi, dirisha likiwa limefungwa.”

“Nyamaza wewe,” Mama alisema.

“Mwache aseme,” alisema daktari. “Mwanangu, hiyo rangi mnaichanganya na nini?”

Dada akaeleza yote, mpaka rangi ya kopo la dawa ya kukausha. Daktari aliita muuguzi, akabadilisha dawa, akaagiza gari la kumpeleka Bosi hospitali kubwa. Walipokuwa wakisubiri, Mama aliinama na kumnong'oneza Dada kwamba amewavua nguo mbele ya watu. Dada alilia kimya kimya. Baadaye, Bosi alipoanza kuvuta pumzi ndefu kidogo, Mama aliutafuta mkono wa Dada, akaushika.

Baba alifika akikimbia, kucha zimejaa rangi. Daktari hakumkaripia. Alimwambia kwamba kifua cha mtoto kimeumia, kwamba huenda atakuwa na pumu maisha yake yote, na kwamba asirudishwe katika chumba kile.

“Mimi ndiye niliyewaambia mumfungie ndani,” alisema. “Ningeambiwa ukweli siku ile, ningesema mumtoe.”

Baba aliketi sakafuni.

Asubuhi iliyofuata alikwenda mwenyewe kwa mwenye nyumba kabla maneno hayajafika. Walipewa mpaka mwisho wa mwezi. Walihamia chumba kimoja, kidogo, mbali na shule, na Dada akawa anaamka giza halijatoka. Kazi ya rangi Baba aliihamishia kwenye kibanda kisicho na kuta, nyuma ya gereji, ambako alivaa barakoa ya kazi na kuoga kabla ya kurudi nyumbani. Vumbi la nje lilimharibia kazi mara kwa mara. Aliipiga msasa upya, akarudia.

Bosi alirudi kutoka hospitali amekonda. Jioni moja alikuwa akifukuza mpira mbele ya mlango. Katikati ya njia alisimama, mikono magotini, akapumua kwa kelele, na mpira ukaenda zake. Baba na Dada walikuwa wameketi kizingitini.

“Nilihangaika na vumbi lisiingie,” Baba alisema. “Lililokuwa ndani sikuliona, kwa sababu lilikuwa langu. Tukamficha daktari, na aliyeumia ni yule asiyejua hata kuficha. Mwanangu, mtu anayekutibu humfichi. Na ukiniona nakosea, sema, hata mbele ya watu. Hata nikikukaripia.”

“Ilinipasa kusema ile siku ya kwanza,” alisema Dada.

“Ile siku ya kwanza ilikuwa kazi yetu sisi wakubwa.”

Dada aliinuka, akaenda kumletea Bosi mpira wake.