Mikono Yote Ilikuwa Juu

"Sirudi chuo, mama. Nimeshasema."

Felicitas hakusimamisha kisu. Alimaliza kumenya ndizi aliyoishika, akaitupa kwenye sufuria ya maji, ndipo akamtazama bintiye.

"Umebakiza mwaka mmoja."

"Najua."

"Miaka miwili umesoma, mmoja umebaki, unaacha. Hiyo fizikia imekukosea nini?"

"Fizikia haijanikosea. Aliyenikosea ni mjomba."

"Waitu! Karugendo tena?"

"Huyo huyo. Amemnyima Mujuni mara mbili. Siwezi kumaliza shahada ambayo mume wangu amezibiwa njia na ndugu yangu mwenyewe."

"Mume wako? Mahari imelipwa lini, mimi nikiwa nimelala?"

Pale Muleba hapakuwa na mtu aliyewahi kumshinda Felicitas kwa maneno, hata padre.

Mambo yalikuwa hivi. Joviana na Mujuni walikutana kidato cha tano, wote wa fizikia na hisabati. Mujuni alikuwa anaongoza darasa, Joviana alikuwa anapepesuka. Mujuni akamfundisha, na katika kufundishana wakapendana. Wakaapa watakwenda Dar es Salaam pamoja, idara moja, benchi moja la maabara.

Lakini zilikuwa siku za Ujamaa. Mwanamume aliyemaliza kidato cha sita na jeshi la kujenga taifa hakwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alifanya kazi kwanza, kisha wafanyakazi wenzake na tawi la chama wakae mkutano, wampendekeze kwamba ni mchapakazi na anafaa. Wanawake walikuwa wameondolewa sharti hilo kwa sababu walibaki wachache mno vyuoni. Basi Joviana akapanda meli kuvuka ziwa kwenda chuo, Mujuni akabaki Bukoba kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa, kusubiri mkutano wake. Na mwenyekiti wa tawi pale kiwandani alikuwa Karugendo, kaka yake Felicitas. Joviana aliishi nyumbani kwake, Kibeta, miaka yote ya sekondari.

Mwaka wa kwanza telegramu ikamfikia chuoni:

"WAMENINYIMA. MJOMBA WAKO KAKATAA. USIMUULIZE ATANIFUKUZA KAZI."

Mwaka wa pili nyingine:

"WAMENINYIMA TENA. NIMECHOKA."

Joviana hakuuliza. Alichofanya ni kukata salamu. Karugendo alipokuja Muleba kumwona dada yake, Joviana alitokea mlango wa nyuma, akaenda kukaa migombani mpaka mgeni aondoke. Na Krismasi iliyopita, Alistidia, mke wa mjomba, alipofariki, Joviana alikuwa nyumbani likizo. Hakwenda kuzika.

"Mtu hasusi maiti," Felicitas alimwambia siku ile.

Hakusikia.

"Kesho nakwenda Bukoba," Joviana alisema sasa.

"Kufanya nini?"

"Kumwambia mjomba ukweli wake mbele ya wafanyakazi wake."

"Nenda. Na ukishamaliza kutukana watu wazima, pita Kibeta ukaone kaburi."

Usingizi ulikuwa mgumu usiku huo. Joviana alikuwa akiikumbuka Jumapili iliyopita, Mujuni alipokuja Muleba kwa lori la kahawa, amevaa shati lake moja la maana. Walikuwa wamekaa nyuma ya kanisa.

"Benchi lako maabara unakaa na nani siku hizi?" Mujuni aliuliza.

"Na wewe."

"Na mimi vipi?"

"Nilimwambia mwalimu kwamba mwenzangu yuko njiani. Sikutaka kupangiwa mtu mwingine. Darasa zima wananiita Joviana na Hewa."

"Hewa ndiye mimi?"

"Ndiye wewe. Wenzangu mmoja anashika saa, mmoja anaandika. Mimi saa mkono huu, kalamu mkono huu, na waya ukichomoka naurudisha kwa meno."

Mujuni alicheka mpaka akainama. Kisha kicheko kikaisha ghafla.

"Acha basi, Jovi. Usirudi huko. Tuoane, tulime, tuwe sawa."

"Nikiacha utafurahi?"

"Nitapumzika."

Joviana alilipokea neno hilo kama mapenzi.

*

Kiwandani Bukoba, wanawake wa kuchambua kahawa walikuwa wamekaa kwenye magunia, nyungo mapajani, wakitupa punje mbovu bila hata kuzitazama. Joviana alisimama mbele yao na vumbi la basi usoni.

"Namtaka mwenyekiti Karugendo."

"Ameitwa mkutanoni mjini, harudi huku leo," alijibu mama mmoja mnene mwenye khanga ya manjano. Aliitwa Siti. "Na wewe nani?"

"Joviana. Mtoto wa dada yake."

"Ahaa! Yule wa fizikia! Jamani, ndiye huyu. Kumbe mwembamba hivi."

"Chakula cha chuo," alidakia mwenzake, Immakulata, na wote wakacheka.

"Sikuja kuchekwa," Joviana alisema. "Nilikuja kumwambia yeye, lakini hata ninyi mnanifaa. Mliomnyima Mujuni nafasi ya chuo, mmeridhika? Kijana mwenye akili vile mmemfanya mpakia magunia. Mmepata nini?"

Nyungo zikatulia.

"Nani kamnyima nani?" Siti aliuliza.

"Ninyi. Na mwenyekiti wenu. Mara mbili."

Immakulata alitaka kucheka tena. Siti akamfinya paja.

"Mwanangu, hebu kaa."

"Sikai."

"Basi simama vizuri. Mkutano huo mimi nilikuwepo. Mjomba wako alilisoma jina la Mujuni, akauliza, kijana huyu mnamwonaje? Tukasema anafaa. Akasema, wanaomuunga mkono wanyooshe. Mimi nilinyoosha. Immakulata alinyoosha. Makuli wakanyoosha, na yule mlinzi ambaye hapendi binadamu naye akanyoosha. Mikono yote ilikuwa juu."

"Halafu?"

"Halafu Mujuni akasimama mwenyewe, akaomba jina lake liondolewe."

"Mwongo!"

"Mimi umri wangu huu nikudanganye wewe ili nipate nini? Muulize huyu."

Immakulata aliitikia kwa kichwa. Cheko lilikuwa limemtoka. "Mjomba wako alimrudia mara tatu. Wewe Mujuni, una akili timamu? Akasema, niondoeni. Na mwaka huu hata jina hakupeleka."

Joviana alijifuta vumbi usoni.

"Alitoa sababu?"

Wanawake wakatazamana.

"Semeni tu."

"Alisema," Siti akashusha sauti, "hawezi kwenda kusoma nyuma ya mwanamke wake."

*

Lori lilirudi kutoka Rubafu jua likiwa limeinamia ziwa. Mujuni alikuwa juu ya magunia. Alipomwona Joviana getini aliruka chini kabla gari halijasimama.

"Jovi! Umekuja lini? Umekula?"

"Mikono yote ilikuwa juu, Mujuni?"

Tabasamu lilimbaki usoni kwa muda, kama kofia ambayo mtu amesahau kuivua.

"Nani kakwambia?"

"Kumbe kuna la kuambiwa."

"Jovi, tusogee pale. Watu wanatazama."

"Watu wanajua tangu mwaka jana. Nisiyejua nilikuwa mimi peke yangu. Sema hapa hapa."

Mujuni alijifuta mikono kwenye suruali, akajifuta tena.

"Kidato cha tano ulikuwa hujui kutofautisha kasi na mchapuko. Nani alikufundisha?"

"Wewe."

"Kila jioni. Nikiacha hata kazi zangu. Halafu niende Dar es Salaam niwe mwaka wa kwanza, wewe wa pili? Niazime madaftari yako? Nipite watu waseme, yule ni wa Joviana?"

"Ungekuwa wa Joviana kweli. Ubaya uko wapi?"

Mujuni aligeuka kulitazama lori.

"Ungesema tu, 'Jovi, naogopa.' Ningekuja kwa miguu kutoka Dar es Salaam."

"Mwanamume hasemi hivyo."

"Ila anasema mjomba wako kakataa?"

"Ilinitoka! Nilijua ukisikia nimekataa mwenyewe utaniacha. Baadaye ikawa haiwezi kurudi."

"Jumapili nilikuwa nimekaa karibu yako nikikubali kuacha chuo kwa ajili yako. Ilikuwa inaweza kurudi. Ulikuwa na mchana mzima. Ukasema utapumzika."

"Nilitaka tuwe sawa, basi."

"Ulinyooshewa mikono ili upande, ukakataa. Mimi ndiye uliyetaka nishuke."

Dereva wa lori alipiga honi mara moja akitaka kupita, akawatazama, akazima injini.

Ndipo jambo jingine lilipomjia Joviana, polepole. Akashika nguzo ya geti.

"Msiba wa Alistidia."

"Jovi, acha hilo."

"Mama alikuwa karibu kunishinda. Nilishafunga khanga, naelekea barabarani. Ukatokea wewe. Ukaniambia nisiende, mjomba atanifukuza mbele za watu, nitaumia bure. Hukuwa unaniogopea mimi. Uliogopa nikikaa jikoni na hawa kina Siti wataniambia."

Mujuni alitazama chini.

"Wewe ulikwenda?"

"Nilikwenda."

"Ukafanya nini huko?"

"Joviana..."

"Ulifanya nini?"

"Nilibeba jeneza."

Joviana aliketi chini, pale pale kwenye maganda ya kahawa. Mujuni akainama kumwinua.

"Usiniguse."

"Nakupenda. Mungu anajua nakupenda." Alikuwa analia, mwanamume mzima, mbele ya dereva na makuli. Na kilichomkata Joviana maini ni kwamba alikuwa anasema kweli.

"Najua," alijibu. "Nenda nyumbani, Mujuni."

*

Kutoka kiwandani hadi Kibeta ni kupanda tu. Alimkuta Karugendo uani, anaegemeza baiskeli ukutani, bado amevaa suti yake ya mikutano.

"Shikamoo, mjomba."

Zaidi ya mwaka mzima hakuwa ameisikia shikamoo hiyo. Aliiacha ikae kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Ingia, umande unaanza."

"Siingii kwanza. Nimetoka kiwandani. Wameniambia."

"Ee. Siti."

"Kwa nini hukuniambia wewe?"

"Ningekuambia lini? Nimekuja Muleba mara ngapi ukatokea nyuma? Niongee na mlango?" Alitaka kucheka, ikashindikana. "Yule kijana alinipigia magoti. Akasema atakueleza mwenyewe. Nikaona kazi ya chama si kuingilia nyumba za watu. Nikamsubiri aseme. Naona bado nilikuwa nasubiri."

"Nilikutukana sana, mjomba."

"Yote nilifikishiwa. Mama yako hajui kupunguza."

Joviana alitazama mlango wa jikoni.

"Aliniulizia? Alistidia?"

Karugendo alielekea kushika baiskeli, ambayo haikuhitaji kushikwa.

"Kila gari likipiga honi barabarani. Anasema, huyo Joviana. Namwambia hapana, bado. Siku ya mwisho akauliza tena, nikachoka kumwambia bado. Nikamwambia amefika, yuko nje ananawa miguu."

"Akasema nini?"

"Akasema upashiwe chakula."

Joviana hakuuliza tena kitu ila kimoja.

"Amelala wapi?"

"Pale, nyuma ya mibuni."

Alikwenda mbio, na kabla hajalifikia kaburi kilio kikamtoka. Hakulia kama mtu anayekumbuka. Alilia kama wanavyolia wanaofika msibani, mikono kichwani, akiita jina. Sauti ikavuka kibanja cha migomba cha Karugendo hadi cha jirani na cha jirani yake. Watu wakatokeza migombani mbio, mwingine na jembe, mwingine na mtoto mgongoni.

"Nani tena, Karugendo? Nani kafa?"

"Hakuna," Karugendo alisema. "Ni Joviana. Amefika mazishini."

Hakuna aliyesema amechelewa. Wanaume waliweka majembe chini wakakaa. Wanawake wakakaza khanga viunoni, wakamzunguka, wakaanza kulia naye kama vile ni siku ile ile.

Alipopata pumzi, mjomba alichuchumaa karibu yake.

"Mama yako ameniletea salamu kwa basi la asubuhi. Anasema umeacha chuo."

"Nilikuwa nimeacha."

"Na sasa?"

"Nitalala hapa mpaka Alhamisi. Kisha nitapanda meli."

"Nitakupeleka mimi bandarini. Na Mujuni akija hapa? Maana atakuja, namjua. Nimwambie nini?"

Joviana alichuma jani kavu lililoangukia kaburi, akalikunja, akalikunja tena hadi likawa halikunjiki.

"Mwambie mwakani apeleke jina. Anafaa. Hata mimi nikiulizwa nitasema anafaa."

"Nimwambie hivyo tu?"

"Na mwambie asije Dar es Salaam kwa ajili yangu."

Kisha akaanza kulia upya, na wanawake wakalia pamoja naye, wakidhani bado ni kwa ajili ya Alistidia.