Mikono Iliyonishika Kichwa

Mama mkwe alininyang'anya mwanangu siku niliyoanguka naye mlangoni. Mtoto hakuumia, ila tangu hapo nilimnyonyesha nikiwa nimekaa sakafuni, na bibi yake kanikodolea macho kama mlinzi wa benki. Sikumlaumu. Nikigeuza shingo tu, nyumba nzima inazunguka. Nikilalia ubavu wa kulia, kitanda kinapinduka. Miezi mitatu! Mimi, fundi cherehani, nilishindwa hata kuinama kuokota sindano.

Jioni moja nikajikongoja hadi kliniki ya masikio, maana niliambiwa kizunguzungu cha namna hii hutoka sikioni, nikipapasa kuta. Nilikuwa wa mwisho kwenye foleni. Nesi akaniambia nisubiri, akaenda kufunga madirisha ya nyuma. Jua lilikuwa linazama na taa za korido hazijawashwa.

Mlango wa daktari ukafunguka kidogo.

"Wa mwisho... ingia."

Nikaingia. Nani angekubali kupoteza zamu yake? Ndani kulikuwa na giza, na harufu ya udongo uliolowa.

"Lala. Fumba macho," sauti ikanong'ona kutoka nyuma ya kitanda.

Nikafumba. Mikono miwili ikanishika kichwa. Baridi yake ilipenya hadi kwenye meno. Ikanigeuza kulia... taratibu... ikasubiri. Kisha kushoto. Ndani ya sikio kitu kikakwaruza, krr... krr... Nilitaka kupiga kelele, lakini dunia ilikuwa imeanza kutulia, na nilimtaka mwanangu.

"Una mtoto?"

"Ninaye. Wa miezi saba."

"Kambebe."

Nilipofumbua macho nilikuwa peke yangu.

Kwenye korido nikawakuta nesi na daktari, daktari ana funguo mkononi. "Samahani sana, mama, nimechelewa. Ndiyo kwanza nafika," daktari akasema. Nikamweleza nilivyotibiwa. Akatabasamu, kisha tabasamu likafutika.

"Ukafumba macho? Hapana, mama. Kichwa tunakigeuza hivyo hivyo, lakini macho lazima yawe wazi. Ndiyo tunayoyaangalia kujua kama kizunguzungu kimetoka." Akanikazia macho. "Nani alikuwa humo ndani?"

Nesi akajaribu kitasa. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo.

Nikatimua mbio. Nilikimbia hadi nyumbani bila kuyumba hata kidogo, na hilo lilinitisha kuliko yote.

Mama mkwe akanipima kwa macho. "Umepona kweli, au unanidanganya?"

"Nimepona, mama."

"Haya, mchukue bwana mkubwa wako, mgongo umeniisha."

Akaniwekea mwanangu mikononi. Jamani, uzito wake! Nikalia.

Lakini mtoto hakunitazama mimi. Alitazama nyuma ya kichwa changu, mdomo wazi, akaanza kutetemeka.

Hapo ndipo nikavihisi. Vidole. Kumi. Vya baridi, vimenibana juu ya masikio. Havikuwa vimeniachia tangu kule kliniki. Ndiyo maana sikuanguka.

"Sasa yeye," sauti ikanong'ona. "Mlaze."

Mikono yangu ikaanza kushuka naye, polepole, bila idhini yangu.

Nikajikaza kwa nguvu zote. Nikajiyumbisha, nikajibamiza ukutani.

"Mama, mchukue! Mchukue upesi! Bado nina kizunguzungu."

Akampokonya, akaguna. "Si nilijua."

Huu ni mwezi wa pili sasa. Usiku nageuka kitandani nipendavyo, kichwa kimetulia tuli. Lakini kila asubuhi, mama mkwe akitoka chumbani na mwanangu, naanza kuyumba na kushikilia kuta, asije akanipa nimbebe.