Kadi Isiyo na Feni

Umeme ulikatika mchana kweupe. Feni ya darini ikapunguza mwendo mpaka ikasimama, redio ya jirani ikanyamaza katikati ya tangazo la sabuni, na nyumba nzima ikawa kimya isipokuwa kompyuta. Skrini ilikuwa nyeusi na kitaa chake kimezimika, lakini ndani ya kasha feni iliendelea kuzunguka. Hiii... hooo. Hiii... hooo. Kisha kama kikohozi kidogo, halafu hiii tena.

Mama Chiriku aliondoa mguu kwenye cherehani. "Hiyo nayo inazungushwa na umeme gani?"

Mumewe hakugeuka. "Inamalizia moto wake tu," alisema.

Haya. Ukijibiwa hivyo na mtu aliyezeekea mbele ya kompyuta, utabisha nini? Akarudi kwenye gauni la mteja wake. Lakini feni iliyokatiwa umeme huzunguka kidogo ikalala, na hii haikulala mpaka umeme uliporudi jioni.

Mtaa mzima ulikuwa bado unamwita Mama Chiriku, ingawa Chiriku mwenyewe walikuwa wameshamzika. Wapo waliojikwaa kwenye hilo jina, wakaanza "Mama Chi..." wakameza, wakasalimia ukuta. Yeye akawaambia, "Niiteni vilevile. Mnataka nivuliwe na jina pia?" Mtoto alipewa hilo jina la ndege kwa sababu ya domo. Alikuwa akiongea tangu anafumbua macho, anaongea huku anapiga mswaki, anaongea na viatu vyake, na hata pumu yenyewe ilipombana alikuwa anataka kukuelezea jinsi inavyombana. Alipenda kukaa chini ya meza ya baba yake, mgongo ameuegemeza kwenye kasha la kompyuta kwa sababu lilikuwa na joto, anachora.

Baba yake alikuwa mhariri wa video za harusi. Meza yake ilikuwa ukutani, cherehani ya mkewe dirishani, na chini ya meza hilo kasha, ambalo walilinunua likiwa limeshatumika na mtu mwingine, wao wenyewe wakiwa maharusi. Kadi ya grafiki ndani yake, ile inayochora picha kwenye skrini, ilikuwa imechoka hoi. Video zilikwama. Bibi harusi alikuwa anaweza kuganda nusu saa na kipande cha keki mdomoni, na wateja walianza kununa. Feni ya kadi hiyo ilipiga filimbi na kukwaruza tangu zamani, na Mama Chiriku aliimba wimbo mmoja tu: "Badilisha hicho kidude!" Naye mumewe alijibu, "Nitabadilisha." Ndoa nyingi huishi kwa wimbo kama huo.

Baada ya msiba ndipo akaenda kununua. Akarudi na kadi ndefu kama tofali, haikuingia kwenye kasha. Akairudisha, akaleta nyingine; hiyo ilitaka waya wa ziada wa umeme, na kisanduku cha umeme cha kompyuta yao kilikuwa cha zamani, hakina waya huo. Ya tatu hata tundu lake halikulingana.

"Fundi mzima wewe!" mkewe alimtania. "Mimi nikimkata mtu gauni kwa macho hivyo si nitapigwa?"

Alicheka kidogo. Akaichomeka tena ile kadi ya zamani, akafunga kasha polepole, kama anayefunga mlango wa chumba alicholala mtu. Mama Chiriku aliona uso wake ulivyotulia, na hapo akang'amua. Mtu huyu alijua kabisa kadi ipi inaingia na ipi haiingii. Alikuwa anakosea kwa makusudi.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya ile dawa ya kuchua kifua, kali, ya kupoza pua, waliyokuwa wakimpaka Chiriku kila alipolala. Kopo lake Mama Chiriku alikuwa amelitupa kwa mkono wake mwenyewe. Harufu ilitoka kwenye matundu ya kasha. Na mumewe, ambaye hajawahi kuugua kifua maishani mwake, akaanza kupumua kwa shida, hiii, hooo, sambamba na feni, ikikohoa naye anakohoa. Alikonda mpaka shati likawa linavaa mifupa. Daktari akampima akasema kifua chake ni kisafi, labda ni huzuni.

Jioni moja Mama Chiriku aliingia na chai akamkuta mumewe amelala chini ya meza, shavu kwenye kasha, na kompyuta imezimwa, waya umechomolewa kabisa umelala sakafuni, na bado feni inazunguka, na kutoka kwenye matundu yale ya vumbi, pamoja na ile harufu, pamoja na hewa ya joto iliyokuwa ikipeperusha nywele za kipaji chake, ikatoka sauti nyembamba iliyobanwa, sauti aliyoizaa yeye, ikasema "Baba," na mumewe akaitika "Naam, mama, nipo," na alipoitika tu pumzi ikamkatika, midomo ikabadilika rangi, lakini akawa anatabasamu, na sauti ikasema tena "Baba," naye akajikusanya aitike tena kwa ile pumzi kidogo iliyobaki.

Chai ilimwagika. Alimshika mumewe ukosi akamburuta mpaka roshani, akampigapiga mgongo mpaka hewa ikaingia.

"Usiliitikie!" alinong'ona. "Hilo si mtoto wetu. Unanisikia? Mtoto wetu tumemzika."

"Siku ile nilimsikia," mumewe alisema.

"Siku gani?"

"Siku aliyokufa. Ulikuwa umekwenda kupeleka nguo. Alikuwa hapo chini ya meza, nami nina harusi ya kumaliza. Nikasikia hiii, hooo. Nikasikia kikohozi." Alifuta uso kwa kiganja. "Nikadhani ni feni. Nikasema moyoni, kesho nitaibadilisha. Nilikaa naye hapo, mguu wangu unamgusa, mke wangu, nikadhani ni feni."

Mama Chiriku alitaka kumkumbatia na alitaka kumpiga, na vyote viwili vilimshinda. Walikaa sakafuni pale roshani mpaka giza likaingia, analia huyu, akinyamaza analia yule.

Kesho yake Mama Chiriku alimleta Bibi Upesi, mganga mmoja asiyejua kukaa kitako. Aliingia na mkoba wake huku analalamikia ngazi, akainama kwenye kasha, akanusa, akaguna.

"Ni jini, na lina njaa," alisema kwa sauti ya chini. "Limekuta pumzi ya mtoto imebaki kwenye joto, likaivaa. Kila mumeo akiitika analipa yake. Akiendelea hivi hamalizi mwezi. Hicho kidude chenye feni kitolewe, litoke nacho, na mtakachoweka badala yake kisiwe kinachopumua. Mkono wa kukitoa uwe wako, kwa sababu wewe halijakula. Hujaliitikia, au?"

"Halijaniita," alisema Mama Chiriku.

Alisema hivyo akainamisha uso, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa pakimuuma, na aibu yake hakuwahi kumwambia mtu. Siku zote hizo, hata mara moja, sauti ile haikusema "Mama." Usiku alikuwa analala macho, anamwonea mumewe wivu.

"Litakuita," alisema Bibi Upesi. "Ukiitika, tumefanya kazi bure."

Safari hii kadi aliinunua mwenyewe. Alifungua kasha, akapima nafasi kwa tepu yake ya kushonea, akaenda dukani na tepu mkononi, kidole gumba kimebana mahali pa mwisho.

"Nataka kadi ya grafiki," alimwambia muuzaji. "Urefu usipite hapa. Isitake waya wa ziada. Bei iwe ya watu kama sisi. Na isiwe na feni."

Muuzaji alikuwa bonge mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi. "Ya michezo?"

"Ya harusi."

Akampangia tatu mezani. "Hii ina nguvu, lakini itakudai kisanduku kipya cha umeme, na ukibadilisha hicho utabadilisha na kingine, mwisho umenunua kompyuta nzima. Hii imetumika, bei chee, ila imefanyishwa kazi usiku na mchana huko ilikotoka, siwezi kukuapia. Hii ndogo ndiyo haina feni. Inapoa yenyewe kwa haya mabati yake. Haina mbwembwe, ila video za harusi itazimudu." Akaigeuza kiganjani. "Haitoi sauti hata kidogo. Utasahau kama kulikuwa na kitu."

"Hiyohiyo," alisema Mama Chiriku, akatoka haraka kabla machozi hayajamwaibisha.

Mumewe walimketisha roshani, masikio ameyaziba kwa viganja. Bibi Upesi akafukiza ubani, akachomoa waya, akafungua kasha. Feni ilikuwa inazunguka. Mama Chiriku akalegeza parafujo, akaishika kadi, na ilikuwa ya moto kama paji la uso la mtoto mwenye homa, na harufu ya dawa ya kifua ikamjaa puani mpaka macho yakatoka maji, na alipoanza kuivuta feni ikashika kasi, hiii hooo hiii hooo, kama mtu anayetaka kusema mambo mengi na hewa haimtoshi, na Bibi Upesi nyuma yake ananong'ona "vuta, vuta, usisimame," naye akavuta, na kadi ikang'oka kwenye tundu, na hapo, mikononi mwake, mbali na umeme wowote, feni ikasimama kidogo kama inayovuta pumzi.

"Mama."

Midomo ilifunguka yenyewe. Hakutoa sauti. Ilikuwa hewa tu, isiyozidi ile ya kupuliza uzi uingie kwenye sindano. "Abee."

Kadi ikapoa papo hapo.

Bibi Upesi aliifunga kwenye kitambaa, akaitia ndani ya kopo la chumvi. Akamtazama. "Umeitika?"

"Sijaitika," alisema Mama Chiriku.

Mumewe alipona. Kwanza alilia siku kadhaa, kisha akaanza kula, kisha akaanza kulalamika kuhusu chakula, hapo ndipo majirani wakasema kweli huyu amepona. Video hazikukwama tena; keki zilitafunwa zikamezwa. Kasha lilikaa chini ya meza bila sauti.

"Ahsante, mke wangu," alimwambia siku moja. "Sikudhani ningekipenda kimya." Akageuza kichwa. "Ila hiyo cherehani yako siku hizi ina kelele. Unaikanyaga kama unafukuzwa. Niiwekee mafuta?"

"Iache," alisema Mama Chiriku. "Ndivyo ilivyo."

Akaendelea kuikanyaga kwa nguvu, kitambaa kinapita chini ya sindano isiyo na uzi, mpaka mumewe alipobeba mkoba akatoka kwenda kwa mteja. Alisikiliza viatu vyake vikishuka ngazi, akasikiliza mlango wa chini ukifungwa. Ndipo akaondoa mguu. Chumba kikanyamaza. Akaweka kiganja kifuani, na kiganja chenyewe kilikuwa kinanuka ile dawa ya kuchua. Hiii... hooo. Hiii... hooo. Kisha kikohozi kidogo.

"Mama."

"Abee, mwanangu," aliitika, kwa pumzi aliyokuwa nayo. "Niambie. Niambie yote."